Jina la Muthama Lisiandikwe

Wamunyu, 20 Julai 2025

Mwanangu Muthama,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi wazima, ila goti langu hunikumbusha kila asubuhi kwamba nimezeeka. Wewe je? Kikohozi kimeacha?

Katika mzigo huu kuna tembo ishirini wa mbao wa kupiga msasa. Watatu walioinua mkonga ni wako, si wa Ng'ang'a kuuza. Nimewatoboa tumbo, nikatia vidonge vyako vya kuzuia virusi, vya kutosha miezi mitatu, nikavizungushia pamba visilie njiani, kisha nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Zahanati ya ng'ambo ya mto walinipa kwa kadi yako. Mama yako anaamini nilikwenda kutafuta magogo. Ndiyo maana naandika. Simu ya hapa ikilia, nyumba nzima husikiliza.

Meza kila siku. Nakujua, hata maziwa ulikuwa ukimwaga nyuma ya jiko.

Baba yako, Nzomo

* * *

Mukuru kwa Reuben, 11 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Natumai goti limepoa na mama hajambo. Mimi naendelea, si vizuri sana.

Mzigo ulifika banda la Kaloleni siku niliyokwenda kutafuta kibarua kiwandani. Niliporudi bandani rafu zilikuwa tupu, na Ng'ang'a mwenye banda anacheka peke yake. "Zimeenda zote, buda. Mteja wa hoteli amezibeba hivyo hivyo, hata polish hajataka." Ningemwambia nini? Kwamba ameuza dawa zangu? Nilicheka naye, halafu nikaenda chooni nikalia.

Za zamani zimeisha. Zahanati ya mtaa iko karibu, napita mlangoni kila siku. Niruhusu nijiandikishe hapo.

Mwanao, Muthama

* * *

Wamunyu, 19 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu. Sisi tuko salama, lakini tangu nisome barua yako chakula hakipiti.

Nimerudi ng'ambo ya mto. Wamekataa kunipa zaidi. Wanataka wakuone wewe mwenyewe. Njoo hata siku moja.

Hapo mtaani kwenu, hapana. Mwenye kuandika majina kwenye zahanati hiyo ni Mbeti, dada wa huyo kijana anayemposa Wavinya. Hajawahi kukuona, lakini jina la Muthama wa Nzomo atalijua mara moja. Jumamosi ya kwanza ya Novemba wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kuifunga ndoa kimila. Wakisikia, mbuzi hawaji, na dada yako atazeekea kwangu. Isitoshe hilo ni jina la baba yangu. Lisiandikwe hapo.

Baba yako

* * *

Mukuru kwa Reuben, 28 Septemba 2025

Baba,

Hamjambo nyote? Simu yangu imeibiwa, kwa hiyo mama akinipigia asinipate, asiogope.

Sikuja, na ukiniona utajua kwa nini. Suruali naifunga kwa kamba. Nikishuka stendi nikiwa hivi, watu hawatahitaji kuambiwa na Mbeti. Kikohozi kimerudi na jioni napata homa. Lydiah, jirani yangu wa mlango wa pili, ananipikia uji na kunigombeza kama mama.

Baba, ninaogopa. Sijui nikuambieje zaidi ya hivyo.

Muthama

* * *

Wamunyu, 8 Oktoba 2025

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu, ameuliza kama utakuja kwenye ntheo. Nimemwambia kazi ni nyingi.

Nakutumia asali na unga wa wimbi. Vumilia wiki tatu na siku chache tu. Mbuzi wakishachinjwa, Jumatatu yake naja mwenyewe kukuchukua, nikushike mkono mpaka ng'ambo ya mto. Sijalala vizuri tangu Agosti. Usidhani nimechagua mbuzi nikakuacha wewe.

Baba yako

* * *

Nairobi, 30 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu nikiwa kitandani hospitalini, wodi ya wanaume. Natumai maandalizi yanaendelea vizuri na Wavinya amepata nguo aliyoitaka.

Jumatatu nilianguka mlangoni. Lydiah alinipeleka zahanati akasubiri nje, ndani Mbeti akauliza jina. Nilisema Dedan Mbuthia, na kitambulisho kimepotea. Alinitazama kwa huruma akaandika. Kisha Lydiah akarudi kwa watoto wake, nami nikaletwa huku na gari lao. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, jina la babu halimo popote.

Ni kifua kikuu, kimeenea. Muuguzi Shirleen, ndiye anayeniandikia maana siwezi kushika kalamu, aliniuliza kwa nini nilikaa bila dawa. Nikamwambia sikuwa na barua ya uhamisho. Akasema dawa ni bure, na hata bila barua ningepewa siku hiyo hiyo. Nimekataa kumpa namba ya nyumbani kabla ya Jumamosi, naye ameahidi hatamtajia mtu jina langu; kesho anaanza likizo.

Ukija Jumatatu, uliza Dedan Mbuthia. Njoo, Baba.

Mwanao, Muthama

* * *

Mukuru kwa Reuben, 4 Novemba 2025

Mwanangu Muthama,

Naandika nikiwa nimeketi kwa Lydiah. Nitaipitisha barua chini ya mlango wako, maana umefungwa. Hali yangu njema. Ntheo imepita salama, Wavinya alicheka siku nzima.

Nilifika jana nikakukosa. Lydiah alinieleza ulivyopelekwa hospitali, na leo nimekwenda. Karani alitafuta Muthama Nzomo kwenye orodha yote, hayumo. Nikaruhusiwa kupita kitanda kwa kitanda, nawe hukuwepo. Basi moyo ukatulia, nikajua umepata nafuu wamekuruhusu, na sasa uko mahali unatafuta kibarua. Hukuwahi kujua kupumzika.

Karani aliniuliza kama namjua kijana mmoja aliyefariki jana, Dedan Mbuthia, hana jamaa aliyejitokeza. Nikamwambia jina hilo si la kwetu. Nilimsikitikia sana mzazi wake.

Usijifiche tena. Nimemweleza mama yako yote. Alilia, kisha akauliza kwa nini nilikunyima dawa kwa ajili ya mbuzi. Nisamehe. Nenda kwa Mbeti ujiandikishe kwa jina lako lote.

Mama yako amenipigia sasa hivi kwa simu ya Lydiah. Kuna barua kutoka kwako imekaa kwa wakala wa mizigo tangu Ijumaa. Nimefurahi mno. Nawahi basi la saa nane, nikaisome.

Baba yako, Nzomo