Mlio wa Kiti cha Nyuma

Jumapili, Makadara. Baridi ya asubuhi imepungua, jua limefika dirishani.

Salamu kwako, shajara. Mimi nilifundishwa kuandika barua tu, basi naanza kama barua. Sisi hatujambo. Baba Mwende hajambo. Kioko hajambo, ila vidole vimetoboa viatu. Ndunge mdogo hajambo, kikohozi kimemwacha. Mwende naye hajambo, na asubuhi ameondoka na baba yake kwenda shule ya bweni Kitui, sanduku lake kwenye buti.

Moyo wangu uko na hilo gari.

Tangu mwezi uliopita, kila gari likiingia shimo, nasikia du nyuma ya mgongo wangu. Baba Mwende yuko mbele, hasikii. Alisema ni jeki inacheza kwenye buti. Nikaitoa jeki, nikaipakata.

Du.

Hapo akakubali gari likaguliwe. Jana tukaenda kwa Fundi Kamau, karibu na Jogoo Road. Alitoa zulia la buti, akakwaruza kutu. Pale fremu inayobeba magurudumu ya nyuma inapofungwa kwenye sakafu ya gari, bati lilikuwa limepasuka kuzunguka bolti. Akauliza huwa tunabeba nini. Baba Mwende akaangalia viatu vyake. Ni magogo ya ndugu yake mchongaji, buti linajaa mpaka gari linakaa kama kuku anayetaga.

Fundi akasema atapitisha moto wa kuchomelea juu ya mpasuko, mchana tuko barabarani. Lakini mimi nimeshona magoti ya suruali za Kioko miaka yote. Ukishona mpasuko peke yake, nguo inapasuka kando.

"Fundi, na kiraka?"

Akacheka. "Mama Mwende, utaninyang'anya kazi." Akakubali kiraka ndicho sawa, ila kitamaliza siku nzima. Baba Mwende akaanza kusema habari ya haraka. Nikakaa juu ya gurudumu kuukuu na Ndunge, nikamnunulia hindi la kuchoma. Baba yake akajua siondoki.

Fundi alitoa tangi la petroli kwanza, moto usije ukatuchoma. Akatoboa tundu mwisho wa mpasuko usiendelee, akauchomelea, kisha akaweka sahani ya chuma pana kuupita. Akatia raba mpya kwenye bolti, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Akatuonya magogo yapande lori, na tukiosha gari tuoshe na chini, tuangalie pale kwenye bolti, maana ufa huanza kama unywele.

Jioni nilikaa mahali pangu. Kimya. Nikasikia hata Ndunge akipumua.

Baba Mwende akatafuta shimo makusudi, akaniangalia kwenye kioo. "Haya, umesikia nini?" Nikamwambia aangalie barabara.

Leo godoro la Mwende lilichukua nafasi yangu. Yeye nimemkalisha nyuma, kando ya godoro, nikamwambia asikilize.

Nimefua, nimepika, wala sijasimama mlangoni ila mara chache. Nimetulia kweli.

Mwende mwanangu, ukurasa huu hutausoma, lakini nakuuliza hapa hapa: kulikuwa kimya mpaka Kitui? Mpe baba yako jibu aniletee leo leo, asilisahau njiani.