Mwekundu Ana Moto, Mweusi Ametulia

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba uniokoe kabla sijakiri uzinzi ambao sijaufanya.

Mimi navusha abiria kwa boti ndogo ya mashine, na nyaya za hiyo mashine zilikuwa zimeliwa na kutu, ukibonyeza swichi mara inawaka mara inanuna, na mke wangu akaniambia niite fundi, kwa sababu niliwahi kuapa mbele ya mama yake kwamba sitagusa waya tena maishani, baada ya kuitengeneza feni ya sebuleni ikawa haizunguki mpaka mtu awashe taa ya choo. Lakini mshauri, fundi ana maringo, na mimi mikono iliniwasha. Nikangoja mke wangu aende sokoni, nikang'oa nyaya zote, nikaweka za kengele ya mlango, na kwa kuwa hizo zote zilikuwa nyeupe, nikachukua rangi zake za kucha nikazipaka ili nisichanganye.

Nikachanganya. Nikarudi mbio chumbani kuchukua chupa nyingine ya rangi, huku nampigia simu rafiki yangu mwenye boti, nikamwambia, maana sisi wa boti hata waya tunautaja kama mtu, "Kaka, huyu mwekundu ana moto, nimemgusa kidogo tu akanichoma! Mweusi ametulia, huyo nimeshamfunga. Tatizo ni huyu mwembamba wa njano, sijui nimpeleke wapi, na mke wangu yuko njiani anarudi."

Nikageuka. Mke wangu amesimama mlangoni na kikapu chake. Akavitazama vidole vyangu vilivyojaa rangi za kucha.

"Watatu?" akasema.

Nikanyamaza, kwa sababu ya kile kiapo. Siku chache baadaye akafungasha, akavuka kwenda kwa mama yake. Nimemfuata, lakini sasa nikiwasha mashine na honi inalia, hainyamazi mpaka nizime. Nilipofika ng'ambo mtaa mzima ulikuwa nje, na mama mkwe akafunga mlango akasemea dirishani, "Amekuja kujitangaza!"

Mshauri, nampenda mke wangu, nyumba imepooza, hata feni siiwashi. Nikisema ukweli nimevunja kiapo, nikinyamaza nina wanawake watatu. Ninavyomjua, wanawake atanisamehe, waya hapana. Je, nikiri hao watatu?

Ni mimi, Mwenye Honi.

MSHAURI ANAJIBU

Wewe Mwenye Honi, kaa chini. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama mimi ni mzima. Sasa nimemaliza, acha nikuseme.

Miaka yote wanaume wananiandikia wakitaka kuficha wanawake nyuma ya kazi. Wewe ndiye wa kwanza kutaka kuficha kazi nyuma ya wanawake. Akili zako ulizifunga na nani, na yule mweusi?

Na kuna jambo lazima ulijue. Majuzi mwanamke mmoja aliniandikia kuhusu mumewe mwenye wanawake watatu, na aliyemuuma zaidi ni mwembamba wa njano, maana mume alimtaja kwa huruma. Mimi ndiye niliyemwambia afungashe. Nilisikia upande mmoja nikakata shauri, na kwa hilo naomba radhi kwenu wote wawili. Ila ulivyomjua mkeo ulimjua kweli, kwa sababu mwisho wa barua yake aliandika: "Angalau hajagusa waya."

Umeelewa anachokiogopa? Si feni, bwana. Waya wa kengele ya mlango kwenye boti inayobeba akina mama na watoto wao! Siku mashine ikizimika au ikishika moto katikati ya maji utamwita nani, mwembamba wa njano? Mkeo hataki kuwa mjane kwa sababu ya mikono inayokuwasha.

Basi chomoa betri leo hii, na ukishachomoa usiguse kingine. Mwite fundi, yavumilie maringo yake, abadilishe nyaya zote aweke za boti, zenye ganda nene lisilopitisha maji, pamoja na fyuzi. Kazi yako iwe kushika tochi na kufunga mdomo. Akimaliza na mashine, mpeleke kwenye feni.

Vipande vilivyobaki vya zile nyaya zako za kengele, ulivyovipaka rangi, vitie mfukoni pamoja na chupa za rangi, umpelekee mkeo. Mwambie: huyu ndiye mwekundu, huyu mweusi, na huyu ndiye mwembamba wa njano. Usijitetee. Atakusema, msikilize mpaka aishiwe. Mama mkwe naye atakusema, na huyo haishiwi, lakini msikilize pia.

Wala usingoje mashine ipone ndipo uende. Nenda leo, kwa kasia. Mkeo anaijua honi yako. Akikuona umefika kimya, jasho linakutiririka, atafungua mlango kabla hujabisha.