Sikio la Kushoto la Wacera

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Wilaya ya Nyeri, Alhamisi tarehe 12 Septemba 1974, kuanzia saa nne asubuhi.

Kuhusu: Mwili wa mwanamke asiyejulikana, uliotolewa Mto Gura. (Kichwa hiki kimekatwa. Tazama maandishi ya afisa mwishoni.)

Jina la shahidi: Watiri Kingori. Umri: miaka sitini na mmoja. Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa mkulima wa kahawa. Makao: Mukurweini.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kama ifuatavyo.

Ninamfahamu marehemu. Jina lake ni Wacera, mjane wa Kahiga. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa miti tu, nasi tumekuwa majirani tangu alipoolewa. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alichukuliwa na wapiganaji wa msituni mwanzoni mwa Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni, akapotelea huko, wala mwili wake haukuonekana. Tangu wakati huo Wacera amelima shamba lake peke yake. Upande wa chini wa shamba hilo anakaa Gatimu, mdogo wake Kahiga.

Nataka jambo la masikio liandikwe mapema, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Sisi wanawake wa rika letu tulitogwa ndewe, yaani nyama ya chini ya sikio, tungali wasichana, tukazipanua kwa vipande vya miti hadi ndewe zikaning'inia karibu na mabega. Baadaye wengi wetu tulikwenda kushonwa katika hospitali ya misheni. Pale mganga alikuwa akishona sikio moja kwanza, ili mgonjwa apate upande wa kulalia, kisha kumwita tena sikio hilo likipona. Wacera alishonwa sikio la kulia mwezi wa Septemba, mwaka wa 1952. Mwezi uliofuata Hali ya Hatari ikatangazwa, barabara zikafungwa, na mumewe akachukuliwa. Hakurudi hospitalini.

Barabara zilipofunguliwa nilimwambia, "Twende ukamalizwe hilo la pili." Alinijibu, "Mwalimu, Kahiga aliniacha na sikio hili. Akirudi usiku bila taa, atanijua kwa nini?" Sikumwuliza tena. Tangu Kahiga alipochukuliwa alikuwa akilikunja sikio lile, akilipandisha juu na kulifunika kwa kitambaa cha kichwa. Watu wa kanisani hawakulijua. Watu wa nyumba yake walilijua, nami nililijua.

Mara ya mwisho kumwona akiwa hai ilikuwa Jumapili tarehe 25 Agosti, baada ya ibada. Nilimwambia kwamba binti yangu amejifungua na kwamba kesho yake ningekwenda Nanyuki kumkanda. Alicheka, akasema, "Mpelekee mtoto salamu zangu, umwambie shangazi yake anamlimia ndizi." Nilisafiri Jumatatu. Nilirudi Jumamosi tarehe 7 Septemba, alasiri.

Kabla ya kuingia kwangu nilipita kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kuku walikuwa wamefungiwa ndani ya kibanda chao, na watatu walikuwa wamekufa. Mbuzi alikuwa akilia, kiwele kimevimba. Ng'ombe wawili wa Gatimu walikuwa wamefungwa kwenye migomba ya Wacera, wakila.

Nilimkuta Gatimu nyumbani kwake, nikamwuliza mwenye shamba yuko wapi.

Alisema, "Ameenda Kagio kununua mchele."

"Lini?"

"Siku nyingi kidogo. Wewe Mwalimu, umerudi na maswali kama bado uko darasani."

Nilimwuliza ni mwanamke gani anayekwenda sokoni Kagio akawafungia kuku wafe kwa kiu. Alisema hayo ni mambo ya wanawake, akaingia ndani.

Habari za mwili wa mtoni nilizipata siku iliyofuata, kanisani. Wanaume wanaochota mchanga karibu na daraja walikuwa wameutoa mwili wa mwanamke katika Mto Gura Jumamosi tarehe 31 Agosti. Chifu alipoulizwa ni nani aliyetoweka katika kata yake, alimtaja Wacera. Gatimu, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba ile, alipelekwa Nyeri Jumanne tarehe 3 kuutazama mwili. Alirudi akatangaza katika mkutano wa chifu kwamba si yeye. Alisema maiti ile ni ya mwanamke wa Kirinyaga, ameletwa na maji.

Naomba hili liandikwe kama ninavyolisema. Mto Gura hautoki Kirinyaga. Unatoka milimani nyuma yetu, na ndio unaoteremka kuelekea huko. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba maji hayapandi. Gatimu nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu. Mkutano mzima wa wanaume watu wazima ulimsikia akisema hivyo, ukaitikia kwa vichwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kuingia chumba cha maiti. Kwetu watu huogopa maiti kuliko wanavyouogopa uongo.

Jumatatu tarehe 9 nilikuja katika kituo hiki. Askari aliyekuwa kwenye meza ya mbele, ambaye sikupewa jina lake, aliniuliza, "Wewe ni nani yake?"

Nikasema, "Ni jirani yake."

"Basi mama, ndugu wa mume amekuja akakataa. Wewe jirani unataka kushinda ndugu? Hata alama za vidole tulichukua. Tumepeleka Nairobi, na wao wamesema huyu hawana."

Nilimwuliza alitazamia nini. Kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole, hupewa wanaume. Mimi nimefundisha miaka thelathini na miwili na serikali haijui kidole changu kimoja. Mwanamke wa Mukurweini anayelima kahawa alama zake zitatoka wapi? Nilimwambia pia kwamba Wacera alipata kuchukuliwa alama za vidole, mara moja tu, mwaka wa 1954, alipotiwa kizuizini kwa ajili ya mume asiyejua aliko. Walimshika vidole vyote kumi. Nilimwuliza kama karatasi hizo zipo. Alisema mambo ya mkoloni yaliondoka na mkoloni. Kisha akanieleza kwamba Ijumaa, yaani kesho, baraza la mji litauzika mwili ule pamoja na miili mingine isiyo na wenyewe, na kwamba nikitaka nije niimbe.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi. Adhuhuri alitoka Koplo Awale, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia. Alilitafuta jalada, akanisomea walichokitangaza redioni: mwanamke wa makamo, kimo cha kadiri, gauni la kijani, masikio yaliyotobolewa.

Nilimwambia, "Masikio yaliyotobolewa yako kwenye nusu ya wanawake wa wilaya hii. Yako hapa mbele yako. Lililoshonwa ni lipi, na lisiloshonwa ni lipi?"

Alisema, "Mama, mimi kwetu ni Garisa. Sikujua kwamba kuna la kuuliza hapo. Niambie niangalie nini."

Hilo lilikuwa jibu la kwanza la heshima nililolisikia tangu nirudi kutoka Nanyuki.

Jumanne tarehe 10, asubuhi, Koplo alinipeleka hospitalini, hadi chumba cha maiti. Anayehudumu pale ni kijana aitwaye Ndungu. Uso wa marehemu ulikuwa umeharibiwa na maji na mawe, na sitasema zaidi juu yake. Kichwa kilikuwa kimefungwa kitambaa safi chenye maua, kimeshuka hadi kwenye taya pande zote mbili.

Niliuliza, "Kitambaa hiki kilitoka naye mtoni?"

Ndungu alisema, "La, Mwalimu. Alikuja kichwa wazi. Daktari alipomaliza, mimi nikaona si vizuri, mama mzima kama huyu. Nikaleta kitambaa ya bibi yangu kutoka nyumbani, nikamfunga."

Nilimshukuru, na bado namshukuru. Alifanya ambalo mtoto wa marehemu angelifanya, kama angekuwepo. Kisha nikamwuliza kama Gatimu alipokuja alifunguliwa kitambaa hicho.

"Nilitaka kufungua," Ndungu alisema. "Yule mzee akanizuia mkono. Akasema, 'Wacha mama na kitambaa yake. Mwanamke mkubwa hafunuliwi kichwa mbele ya wanaume.' Mimi nikasema, huyu mzee ana adabu kweli. Akatazama uso kidogo tu, akasema si yeye, akatoka."

Nilimwambia Ndungu akifungue. Alimtazama Koplo, na Koplo akaitikia. Ndungu alikifungua polepole. Sikio la kulia lilikuwa fupi, na chini yake palikuwa na kovu la kushonwa. Sikio la kushoto lilikuwa limekunjwa juu, kama alivyolikunja kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Ndungu alipoligusa, lilifunguka likalala shingoni, zima, halikushonwa.

Nikasema, "Huyu ni Wacera." Koplo aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nina hakika kuliko nilivyo na hakika ya jina langu, kwa kuwa jina nilipewa na wengine, na sikio hili nimeliona mwenyewe.

Gatimu alikuwa ameingia chumba kile, akamzuia mkono mtu aliyetaka kufungua, kwa sababu alijua kilichokuwa chini ya kitambaa. Aliichukua heshima ya Ndungu akaifanya pazia. Nimezaliwa katika nchi hii, nimeona watu wakiuawa na watu wakiwasaliti wenzao kwa kipande cha sukari, lakini sijaona jambo la aibu kama hilo.

Jana, Jumatano tarehe 11, Gatimu aliletwa hapa kituoni. Niliruhusiwa kuwepo. Koplo alimweleza yaliyoonekana. Kwanza Gatimu alisema wanawake wenye masikio ya namna hiyo ni wengi. Nikamwambia amtaje mmoja.

Kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, sasa wewe unataka nini? Haya, basi tuseme ni yeye. Nimzike wapi? Hakuzaa. Shamba ya baba yangu si makaburi ya watu hawana watoto."

Koplo akamwuliza, "Mzee, kumbe ulimjua siku ile ya kwanza?"

Gatimu alisema, "Mimi nimesema tuseme."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nataka kila atakayesoma aelewe. Kwetu siku hizi mtu akizikwa kwenye shamba, shamba lile limekuwa lake milele. Hakuna mzee wa ukoo wala mahakama itakayolima juu ya kaburi. Wacera akizikwa kati ya mikahawa yake, mikahawa ile ni ya Wacera na ya Kahiga. Akitupwa hapa Nyeri bila jina, mwisho wa habari ni ng'ombe wa Gatimu kwenye migomba. Mwanamke asiyejulikana hana shamba. Asiyejulikana hana hata kifo, maana hakuna anayeulizwa alikufaje.

Sisemi kwamba Gatimu alimwua. Sikuwepo, sikuona, na sitasema nisichokijua. Njia ya kwenda mtoni ni ya mteremko na huteleza mvua ikinyesha. Lakini majirani wameniambia mvua haikunyesha wiki ile Mukurweini. Wachota mchanga wameniambia maji yalikuwa ya magotini. Wacera alichota maji mto ule tangu alipoolewa. Naomba daktari amtazame tena, safari hii akijua anamtazama nani. Naomba Gatimu aulizwe kufuli la mlango wa Wacera lilifungwa na nani, na ufunguo uko wapi, kwa maana hapa nimeambiwa kwamba marehemu hakukutwa na ufunguo.

Naomba pia mazishi ya kesho yasimamishwe. Wanawake wa kanisa wako tayari kuubeba mwili. Mahali pa kaburi nimepachagua: safu ya tatu ya mikahawa, upande wa juu, ambapo njia ya msituni huonekana. Ukoo ukikataa kuchimba, tutachimba sisi. Nina jembe langu.

Jambo la mwisho. Watu watatu wa serikali wamenieleza wiki hii kwamba mwanamke huyu hakuwa na alama yoyote ya kumtambulisha. Alikuwa nayo. Aliitunza miaka ishirini na miwili kwa ajili ya mtu mmoja aje amtambue, na mtu yule hakuja. Nimekuja mimi.

Niliyoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nisiloliona nimeliacha. Haya ndiyo maelezo yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu, na mbele ya Gatimu akipenda kuja kusikiliza.

(Sahihi) Watiri Kingori

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Bile Awale, kwa Kiswahili, lugha aliyoichagua shahidi. Nilimsomea yote. Alitaka masahihisho katika mahali pawili, nikayafanya.

Alipofika penye sahihi, shahidi aliiweka kalamu mezani, akakataa kutia sahihi karatasi iliyoandikwa juu yake "mwanamke asiyejulikana". Nilimweleza kwamba kichwa kinafuata jalada, na kwamba jalada halibadilishwi ila kwa amri ya Inspekta, naye Inspekta yuko mkutanoni. Shahidi alisema, "Nitangoja," akarudi kwenye benchi lile lile la Jumatatu.

Inspekta alirudi baada ya chakula cha mchana, akayasoma maelezo akiwa amesimama. Amekikata kichwa kwa wino mwekundu na kutia sahihi yake pembeni. Mazishi ya kesho yamezuiwa, daktari ameandikiwa, na Gatimu hataondoka kituoni kabla ya kuhojiwa juu ya kufuli.

Jalada sasa lisomeke: WACERA, MKE WA KAHIGA, MKULIMA, MUKURWEINI.

Shahidi alisoma kichwa kipya mara mbili, kisha akatia sahihi.