Kahawa ya Kopo na Mibuni ya Mlangali

Kitandililo,
Makambako.
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Lameki,

Shikamoo kaka. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikiamini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe, wifi Jeni na wote waliomo humo ndani. Goti lako linaendeleaje? Jana kwenye simu nilikusikia ukiguna ulipokuwa unainuka, nikataka kuuliza, lakini mazungumzo yetu yaliharibika kabla sijafika huko. Na kile kifua cha wifi, kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, mahindi ya kwanza tumeshapanda, na shemeji yako Nathanieli ana sare thelathini za kwaya za kushona kabla ya Krismasi, kwa hiyo cherehani inalia kutwa nzima na ukimsemesha anakujibu pini zikiwa mdomoni.

Kaka, najua umekasirika. Wifi alinitumia ujumbe kwamba miche ya parachichi imefika, ndipo nikakupigia nikakuambia usiing'oe mibuni mpaka barua yangu ikufikie. Ukaniuliza kwa nini, nikaanza kulia. Ukasema watu wa kuchimba mashimo wanakuja Jumatatu, na huwezi kuwarudisha kwa sababu ya mwanamke anayelia kwenye simu. Halafu ukasema: si ni wewe mwenyewe uliyesema? Ukakata.

Ni kweli, ni mimi niliyesema. Mwaka jana mwezi wa nane ulinitumia kahawa kilo tano zikiwa bado na ganda lake, na ndani ya mfuko ukaweka kikaratasi. Uliandika kwamba safari hii hukuianika chini bali juu ya vichanja, kama mlivyofundishwa, na kwamba majirani wote wamehamia kwenye parachichi, na kwamba mimi ndiye mwenye pua ya baba. Ukaniomba nikaange, nionje, nilinganishe na ile ya kopo anayokunywa mume wangu, nikuambie ukweli, maana kama kahawa yako haiwezi kuishinda hata ya kopo huna sababu ya kuendelea kuihangaikia. Nikakaanga, nikatwanga, nikachemsha, nikaweka vikombe viwili mezani. Kisha nikakupigia, nikakuambia sioni tofauti, na kwamba yako haina harufu. Mwezi wa kwanza ukakata mistari minne ya juu, mibuni arobaini. Imebaki mia moja na ishirini ya kule bondeni, ile ambayo baba aliipanda kwa mikono yake, na Jumatatu ni zamu yake.

Mwalimu Patrick anayekuletea barua hii anasafiri keshokutwa, Jumamosi, kwa hiyo utaisoma kabla ya Jumatatu. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu wewe hukata na mimi hulia, na jambo lenyewe linataka mtu akae chini.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi nilikwenda Njombe kumwona mwanangu Eveline, amehamia kwenye chumba kipya cha kupanga. Sikuwa na zawadi ya maana, nikachota kilo moja ya kahawa yako iliyokuwa imebaki kwenye debe. Nilimwambia kabisa kwamba hii ni kahawa ya mjomba wako, haina lolote, chemsha tu ikupashe moto, maana baridi ya Njombe unaijua. Akaikoboa ganda, akaweka kikaango kwenye jiko la mkaa pale barazani. Kaka, hata haijawa nyeusi, mama mwenye nyumba akatoka chumbani kwake na kanga ya kulalia kuuliza ni nini hicho. Mtu aliyekuwa anapita akasimama getini akauliza kama tunauza. Eveline akaniletea kikaango mpaka usoni, akasema mama nusa, hapa ni jikoni kwa babu Mlangali kabisa. Nikainama, nikasema ndiyo mwanangu. Tulipokuwa tunakunywa akaniuliza ni nani aliyesema kahawa hii haina lolote, maana mtu huyo hana adabu. Akacheka sana. Mimi nikawa naangalia viatu vyangu.

Nilirudi Makambako na neno hilo kifuani. Nikasema nisitegemee mdomo wa mtu mmoja tena, hasa mtoto anayempenda mjomba wake. Basi Jumapili iliyopita baada ya ibada nikawakaribisha watu wawili nyumbani: jirani yangu Erica, yule anayeuza vitenge sokoni, na mzee Damiano, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, ambaye kwenye jambo la kunywa humwiti mara mbili. Wa tatu akawa shemeji yako. Nikaikaanga ile kahawa yako iliyobaki. Nilimwomba Erica akae jikoni aniambie ikishaiva. Akashangaa, akasema dada Getruda, wewe mkaangaji wa usharika mzima unaniuliza mimi muuza vitenge? Nikamwambia we niambie tu.

Nikatwanga, nikachemsha, nikachuja. Kahawa yako nikaimimina kwenye chupa moja ya chai, ya kopo nikaikoroga kwenye chupa nyingine, maji ya sufuria moja, bila sukari. Nikawagawia vikombe vinavyofanana, nikawaambia wafumbe macho. Mzee Damiano akasema tangu abatizwe hajawahi kufumba macho bila sala, kwa hiyo ni lazima tuombe kwanza. Tukaomba, na akaomba kwa kirefu mpaka nikaogopa kahawa itapoa.

Shemeji yako unamjua na kopo lake. Miaka yote ananitania kwamba, Mama Eveline, wenzako wanakoroga kijiko kimoja wanakwenda kazini, wewe bado unagombana na kinu. Sasa akanywa kikombe cha kwanza, akakunja uso, akasema hiki ni cha kinu, kimepooza. Akanywa cha pili, akanywa tena, akapiga paja. Akasema haya sasa, hili ndilo kopo langu, mnasikia linavyopanda puani? Kaka, mkononi alikuwa na ya kwako! Erica alicheka mpaka akajimwagia. Mpaka leo Nathanieli anadai nilibadilisha chupa, lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta anauliza mchi uko wapi.

Erica naye alisema ya kopo inachoma ulimi halafu inaondoka kama mgeni asiyeaga, bali ya kwako inabaki mdomoni hata baada ya kumeza. Sitakudanganya, mzee Damiano alichagua ya kopo. Alisema yako ina uchachu kidogo, na meno yake aliyobakiwa nayo hayataki ugomvi. Nakuandikia na hilo ili ujue sikuokota maneno matamu tu. Na kumbuka hiyo ni kahawa iliyokaa kwenye debe langu mwaka mzima na zaidi.

Utauliza, na wewe Getruda ulisemaje? Mimi sikuonja. Nimezunguka vya kutosha kaka, sasa naingia ndani.

Mimi sina pua. Unakumbuka yale mafua yaliyonilaza wiki mbili mwaka juzi, mwezi wa saba, mpaka mkatuma mtu aje kuniangalia? Nilipoinuka, harufu haikurudi. Nikasema itarudi mwezi ujao, na mwezi ujao nikasema vilevile. Sabuni siisikii, moshi siusikii, samaki akichacha siambiwi na pua bali na nzi. Muda wote huu nimekuwa nakaanga kahawa ya akina mama kanisani kwa kutazama rangi tu, na ikiungua nasingizia mkaa mbichi. Sikumwambia mtu, hata mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja. Niliona aibu. Ninyi wanaume baba aliwaachia ardhi. Mimi alikuwa ananiita jikoni, ananifunika macho kwa kiganja chake, anasema Getu, nusa, ipi ilinyeshewa na ipi ilipata jua, na nilichosema ndicho alichokwenda nacho kwa wanunuzi. Hicho ndicho alichoniachia. Nikaona nikikiri kwamba kimekwenda, sina tena changu kwa baba.

Kwa hiyo mwaka jana, mbele ya vile vikombe viwili, nilipata maji ya moto machungu, mara mbili. Nilijua kosa liko kwangu. Nilijua, Lameki, siyo kwamba nilidanganyika. Badala ya kukuambia pua yangu imekufa, nikakuambia kahawa yako haina harufu. Na ulipokata ile arobaini, nikakupa pole kwenye simu, tena kwa sauti ya upole. Mibuni ile nimeikata mimi, panga tu ndilo lilikuwa mkononi mwako.

Nimetubu kwa Mungu na naamini amenisikia. Lakini niliyemharibia shamba ni wewe, na huwezi kunisamehe jambo usilolijua. Ndiyo maana nakuandikia bila kujificha. Jumatatu nilimwambia mume wangu. Akauweka uzi chini, akasema kumbe ndiyo maana siku ile ulikula yale maharage yaliyochacha ukasema asante. Jumanne nilikwenda hospitali Ilembula. Nesi alinipa vichupa ninuse nikiwa nimefumba macho. Cha kwanza nikasema maji, cha pili maji, cha tatu maji. Cha tatu kilikuwa kahawa. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, akanifundisha kunusa vitu vinne kila asubuhi na kila jioni, kama mtoto anayefundishwa herufi. Nanusa. Jumapili hii nitasimama mbele ya akina mama niwaambie ni kwa nini kahawa yao imekuwa ikiungua.

Lakini sitaacha kukaanga. Nimeanza kujifunza kwa masikio. Kahawa ikiwa kikaangoni hupasuka mara ya kwanza kwa sauti kama ya bisi. Kisha hunyamaza. Kisha huanza tena kwa sauti ndogo, kama chumvi iliyomwagwa kwenye makaa. Pa kuiepua ni pale katikati, kwenye ukimya. Erica amenipima mara nne, na mara tatu amesema nimepatia. Ile ya nne tulikuwa tunaongea.

Sasa ombi langu. Sikuambii uache parachichi, wewe ndiye unayelisha watu hapo. Miche uliyo nayo ipande kule juu nilikokuharibia. Ninachokukataza, ingawa mimi ni mdogo kwako, ni kuamua habari ya bondeni kwa pua yangu. Na hapa niseme jambo jingine. Sidhani kama wewe mwenyewe umewahi kuinywa kahawa yako. Pale nyumbani tangu tukiwa wadogo kahawa ilikuwa ya kuuza na chai ndiyo ya kunywa, na wewe ulikuwa shambani wakati mimi nikiwa jikoni na baba. Nimechota kidogo kutoka kwenye kopo la shemeji yako, nimekifunga kwenye nailoni, Mwalimu Patrick anacho. Chukua kahawa yako ya mwaka huu. Wifi akaange, mkae kimya, msikilize kama nilivyokueleza. Chemsheni yako, korogeni ya kopo, fumbeni macho. Kama ya kopo itashinda mdomoni mwenu, ng'oa, sitasema neno tena maisha yangu yote. Kama yako itashinda, waambie watu wa Jumatatu wachimbe kule juu tu.

Vyovyote utakavyoamua, tarehe ishirini na tano mimi nakuja Mlangali na jembe langu. Hata ukinifungia mlango nitalala kwa wifi jikoni. Nataka kukuomba msamaha nikiwa nimesimama mbele yako, siyo nyuma ya karatasi, na ukiniruhusu nitapanda mibuni arobaini mahali popote utakaponionyesha, niipalilie kila msimu wa mvua mpaka izae. Nina miaka hamsini na mbili, mgongo bado unainama.

Wifi Jeni mpe salamu nyingi, mwambie asikukasirikie kwa ajili yangu, akasirike na mimi moja kwa moja. Nathanieli anakusalimu. Anasema anahitaji kahawa nyingine, ila nisiandike kwamba ni yeye aliyesema. Eveline naye anamsalimu mjomba wake. Mungu awatunze hapo mlipo, alishike goti lako, na akupe moyo wa kunivumilia.

Tafadhali kaka, nijibu mapema, kabla ya Jumatatu kama utaweza, hata kwa mistari miwili. Niambie umeamua nini. Na ukishaonja, niambie inanukiaje.

Ni mimi mdogo wako,
Getruda