Nukta Mbili Utosini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimevua wigi mbele ya mtu. Wa kwanza tangu mume wangu! Daktari wa ngozi ni binti mdogo, angeweza kuwa mteja wangu saluni. Nywele zake ndefu, nzito, zake mwenyewe — nikamchukia kidogo. Kisha akanishika kichwa polepole, vidole vya joto, nikamsamehe.

Mbele kumekwisha. Utosini kumekonda, ngozi inaonekana. Kisogoni bado ni msitu. Anasema ni kusuka kwa kukaza, gundi za wigi, joto, na kidogo ni damu ya ukoo. Mama alikuwa hivi hivi, alijifunga kitambaa hadi kufa.

Nikamwuliza moja kwa moja: hizi habari za seli, ni kweli au ni za kuuzia magazeti? Akacheka, akasema zote mbili. Wanakata kipande kidogo cha ngozi kisogoni, wanatoa seli za kwenye mzizi wa unywele, wanazikuza maabara mpaka ziwe nyingi, halafu wanazirudisha kwa sindano pale palipokonda. Kwa panya, nywele zimeota. Kwa watu, bado wanatafuta. Jaribio linaanza hapo hospitalini na wanataka watu.

Itafanya kazi? Hajui. Ikifanya, itadumu? Hajui. Wauza mafuta wote waliopita mlangoni kwangu walijua! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hajui. Ndiyo maana huyu nimemwamini.

Amekata vipande viwili vya kupima, kimoja mbele, kimoja utosini. Anataka kuona mizizi imelala au imekufa. Iliyokufa haiamshwi. Ikiwa imekufa kote, siingii.

Nataka nywele zangu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza mume wangu akiwa amepiga magoti anabadilisha soketi ya jikoni. Fundi umeme, nyumbani kwake ndiko waya zinakong'oka. Ana kipara tangu hatujaoana, kinang'aa, na hakuna aliyewahi kumpa pole. Kwake wanakiita heshima. Kwangu ni msiba!

Akauliza: kwa panya imekubali? Nikasema ndiyo. Akasema basi tuko karibu sana, kwa jinsi ninavyoguguna karanga usiku. Tangu hapo naitwa Mama Panya.

Dada yangu mkubwa hakucheka. Alifunga safari kuja kuniambia ana kwa ana. Kisogo ndicho pekee kilichobaki, anasema, na ndicho ninachokwenda kukitoa kikatwe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia, dada, ni kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Akasema leo punje, kesho gunia.

Ana hofu tu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama. Mafuta ya nyonyo aliyonipa mwaka juzi bado yako kabatini, yananuka, na sithubutu kuyatupa.

Alhamisi, 20 Machi

Majibu hakuna. Simu ikilia naruka, kumbe mtu anauliza bei ya kuosha na kukausha.

Mteja kaniambia nywele zangu nzuri, natumia nini? Nikamtajia shampuu. Mungu nisamehe. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wanavyosema, na msusi je?

Mshono unawasha.

Jumatano, 2 Aprili

Mbele ni kovu. Hairudi. Daktari kasema wazi, hakuzunguka, na nikamshukuru huku moyo unauma.

Utosini mizizi imelala! Imelala tu!

Nimelia kwenye korido kama mtoto, mfagizi akasogeza ndoo yake nipite.

Sasa masharti. Watanichora nukta mbili utosini, za wino usiofutika, moja kulia na moja kushoto. Upande mmoja watachoma seli zangu, upande wa pili maji matupu yasiyo na seli. Upi ni upi, sitaambiwa. Hata daktari hajui! Anayejua yuko maabara na kafunga mdomo. Nikauliza, mnaniwekea maji makusudi? Akasema bila hivyo nitaona ninachotaka kuona. Kanijua haraka huyu binti.

Sharti la mwisho nimelimeza kwa shida. Kuanzia siku ya picha za kwanza, hakuna wigi. Hakuna gundi, hakuna kusuka. Kitambaa chepesi juani, basi. Hadi mwisho wa jaribio — mwakani!

Msusi asiye na nywele. Nani atamkalia kiti?

Mume wangu anasema kama siwezi, nisiende, hataniona mdogo. Dada anasema afadhali nisiende. Naenda.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu! Aibu tupu!

Leo ilikuwa siku ya picha. Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa gauni la bluu. Watu wanakwenda kunitazama utosi kwa mashine! Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la unga mweusi, ule ninaowanyunyizia mabibi harusi palipokonda. Kidogo tu. Halafu tena kidogo. Nilipendeza, sisemi uongo.

Mpiga picha wa maabara, baba mmoja mnene mpole, akaweka kamera ya kukuza kichwani kwangu. Akatazama skrini. Akatazama kichwa. Akatazama skrini. Akamwita daktari. Daktari akapitisha pamba nyeupe, ikatoka nyeusi kama imefuta sufuria.

Akainua pamba niione.

Nikajitetea. Mimi ni msusi, sijawahi kumruhusu mtu apigwe picha kichwa kikiwa ovyo, sembuse mimi. Daktari akasema picha hii ndiyo inayotakiwa iwe mbaya. Hizi ni nywele za kuhesabiwa, na mashine imekuwa ikihesabu unga! Nilidhani nimefukuzwa. Hapo ndipo nilipojua ninavyolitaka jambo hili. Mpiga picha ndiye aliyeanza kucheka, tumbo likamtikisika, daktari akamfuata, akacheka mpaka akakaa.

Nirudi Jumatatu, kichwa kimeoshwa. Kopo nimemkabidhi mume wangu, amelifungia kwenye sanduku la spana.

Jumanne, 15 Aprili

Picha mbaya imepigwa. Nukta zimechorwa, na ile punje ya kisogoni imekatwa. Na leo nimefungua saluni kichwa wazi.

Si ushujaa. Nilianza na kitambaa, lakini kila nikiinama kumwosha mtu kinateleza kinaingia majini. Mara ya tatu nikakitupa kwenye kikapu cha taulo. Msaidizi wangu, tunayemwita Kasuku kwa mdomo wake, alikosa neno. Yeye! Kikaushio kilikuwa kinalia peke yake.

Mteja aliyekuwa kitini ni mwalimu, huja kila mwezi, huongea na mimi kwenye kioo na hageuki. Leo akageuka. Akauliza nini kimenipata. Nikamweleza yote, panya, seli, maji matupu, mpaka unga. Akainua ukingo wa wigi lake mbele, kidogo, kama anayefungulia mgeni mlango nusu. Na mimi niangalie hapa, akasema. Miaka yote hii namwosha nywele za nyuma tu na hakuwahi kuniruhusu kugusa mbele! Nami sikuwahi kuuliza.

Nimemwambia amwone daktari mapema, kwake huenda haijawa kovu.

Bibi harusi wa Jumamosi kapiga simu, kafuta miadi yake kwangu. Hakusema sababu. Imeniuma.

Ijumaa, 9 Mei

Daktari ametuma picha. Seli zangu! Zimepigwa chini ya hadubini, vijitu vyembamba vimelala upande kwa upande kama samaki wadogo kwenye maji ya kina kifupi. Anasema zinakua vizuri. Anasema pia, naye haachi kamwe kusema pia, kwamba zikikaa nje ya mwili sana husahau kwamba zilikuwa za nywele, na kazi kubwa ya maabara ni kuzikumbusha.

Nimewaonyesha wateja wote, kama bibi aliyepata mjukuu. Kasuku kauliza zinafanana na nani.

Dada nimemtumia pia. Amejibu baada ya saa nzima: zinakula nini huko?

Jumatatu, 19 Mei

Wamechoma. Sindano nyingi ndogo, kulia, kisha kushoto. Ganzi ipo lakini nimezisikia. Dada alinisindikiza, bila kuombwa, akanishika mkono na kumkodolea daktari macho mwanzo mpaka mwisho. Tulipotoka akaniuliza kama nasikia chochote kinasogea. Nikamwambia si minyoo, dada!

Sasa ni kusubiri.

Jumapili, 29 Juni

Hakuna kitu.

Kulia hakuna, kushoto hakuna. Mume wangu ananikagua kila Jumapili kwa tochi yake ya kazini, ananipangua nywele kama anatafuta waya uliokatika, kisha anasema: hamna, Mama Panya, wiki ijayo. Daktari anasema ni mapema mno. Anasema nywele zinaweza zisiote kabisa, zinaweza kuota laini kama za mtoto mchanga kisha zikaanguka, na hata hilo litawafundisha kitu. Litawafundisha wao! Mimi nitabaki na nukta mbili.

Leo nimekaa na wigi la zamani mapajani. Nimelichana. Sikulivaa.

Saluni kuna vyama viwili, vya kukisia seli ziko upande upi. Mwalimu na wenzake ni Kulia, Kasuku ni Kushoto na kelele zake zote. Wanakuja wanawake nisiowajua, wananong'ona mlangoni: ni wewe yule wa seli? Wanavua vitambaa nyuma ya pazia. Nawaambia ukweli, sijui. Nawaambia nani akamwone daktari, na nani aache kukazwa kuanzia leo. Anayetaka nimkaze hivyo hivyo, namwonyesha kichwa changu, anaghairi.

Kazi haikupungua. Imebadilika tu. Yule bibi harusi mwenyewe alirudi baada ya fungate, kichwa kinamwuma kwa kukazwa kwingine, akaniomba nimfumue.

Lakini nisijidanganye. Wao wana matumaini yao, mimi nina yangu. Nataka niamke niwe na kitu cha kuchana. Wakati mwingine nasema hazitaota, ili zisipoota zisinikute wazi. Halafu nikipita kwenye kioo nainama natazama.

Jumapili, 14 Septemba

Nipo mlangoni, juani, kwenye kigoda. Daftari liko gotini. Mume wangu yuko nyuma yangu anakagua. Kwa kawaida hamalizi hata chai: hamna, wiki ijayo.

Leo amenyamaza.

Amesema nisitikisike. Kushoto, karibu kabisa na nukta. Amepuliza — huenda ni uzi wa taulo. Haukuruka. Amegusa kwa ncha ya kidole. Nimehisi? Nimehisi. Au nimetaka kuhisi! Anasema ni mfupi sana, na mweusi, na kama umesimama. Kisha anasema labda ni wa zamani, umeinuka tu. Kisha anasema hapana, hapo hapakuwa na kitu, hapo anapajua kuliko kiganja chake.

Sauti inamtetemeka. Huyu wa utani!

Dada yuko jikoni, alilala kwetu. Anapaza sauti: imeota? Sasa kaja kasimama nyuma yangu na mwiko mkononi, namsikia anavyopumua.

Mume wangu anasema hawezi kuapa bila miwani yake ya kusomea, ile aliyonunua juzi. Ameingia ndani kuitafuta. Anainua mito. Anafungua droo. Anamlaumu paka wa jirani.

Miwani iko juu ya kipara chake. Nimeiona alipogeuka, inang'aa. Dada naye ameiona. Amenitazama, akaniwekea mkono begani, akafunga mdomo.

Nitamwambia. Sasa hivi nitamwambia. Ila kwa sasa kuna unywele upande wa kushoto, na hakuna mtu aliyesema si unywele.