Kodi ya Ghorofa ya Sita

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, presha imeshuka? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Naandika kwa kuwa simu huisikii vizuri, na hili nataka ulisikie lote.

Lifti ya jengo letu imekufa tangu kabla ya mwaka mpya. Pampu ya maji nayo ikaifuata, kama mjane asiyetaka kubaki. Maji yanaishia ghorofa ya pili, mimi niko ya sita. Nachota uani, napanda na ndoo, nikifika juu nusu imebaki ngazini. Wateja wa cherehani wamenikimbia. Mmoja alipanda mpaka ya tatu akanipigia simu: "Fundi, hilo gauni nitaolewa nalo au nitazikwa nalo?" Akashuka zake.

Wakala wa mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi nikamwambia, "Tuliposaini, lifti na maji vilikuwa ndani ya bei. Basi punguzeni." Akacheka. "Kwani kuta zimepungua, dada?"

Baba, wewe una vyumba vya kupangisha. Niambie, haki iko wapi?

Mwanao,
Kifunguamimba

19 Februari

Kifunguamimba wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, unanikumbusha umri kila nikiinama. Mama yako anakusalimu, hajambo.

Umeniuliza kama mwenye nyumba, nami nakujibu kama mwenye nyumba. Kodi ni kodi. Leo utakata kwa sababu ya lifti, kesho kwa sababu ya mbu, keshokutwa kwa sababu jirani anakoroma. Mwenye nyumba naye ana mkopo, ana fundi wa kumlipa, ana watoto. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Basi na wateja wako wakungoje chini! Shusha cherehani uani, ushone.

Na usishindane naye. Yeye ameshika mpini, wewe umeshika makali. Lipa, mwanangu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Nisamehe kimya. Barua yako iliniudhi, nikaona heri ninyamaze kuliko nikukosee adabu. Leo siwezi kunyamaza tena.

Jirani yangu, mke wa dereva wa lori, alikuwa mjamzito. Ijumaa asubuhi uchungu ukamshika, mumewe yuko safarini. Tukamshusha, mimi na fundi viatu wa chumba cha mkabala, hatua kwa hatua, yeye akiuma ushungi wake asipige kelele. Teksi inangoja chini. Hatukuifikia, Baba. Alijifungulia ghorofa ya nne, pale ngazi zinapokata kona, kwenye saruji tupu. Mtoto nilimpokea mimi, kwa kitambaa cha mteja. Wote wawili wazima, kwa rehema za Mungu, si za mwenye nyumba.

Mchana wakala akaja. Akaona damu. Unajua aliuliza nini? "Nani atasafisha hapa?"

Jioni tukakutana uani, wapangaji wote. Tumekubaliana kulipa nusu mpaka lifti na maji virudi, na kesi tumeipeleka baraza la nyumba. Msemaji wetu ni mimi. Siku chache tu baadaye nikaletewa notisi ya kuhama, mimi peke yangu. Kesi itasikilizwa tarehe kumi na tano Mei.

Usiniambie nikapige magoti. Ukisikia nimepiga magoti, jua ni ngazi zimenichosha.

Mwanao,
Kifunguamimba

25 Aprili

Kifunguamimba wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Wewe je, unakula vizuri?

Wiki iliyopita nilikuja huko, na hukuniona. Nilimwendea mwenye nyumba wako kukuombea msamaha. Ofisi yake iko chini, feni inazunguka, bomba linatoa maji. Tukazungumza kama watu wa biashara moja. Akasema, "Mzee mwenzangu, panda ukamwambie binti yako alipe, nami nitaichana notisi."

Nikapanda. Ghorofa ya nne pumzi zikaniishia, nikakaa ngazini. Akashuka mama mmoja, mtoto mgongoni, ndoo tupu mkononi. Aliponiona ninavyohema, hakunipita. Alirudi juu, mwanangu, alirudi juu kuniletea kikombe cha maji! Nikamuuliza mtoto amezaliwa hospitali gani. Akasema, "Hapo ulipokaa, Baba."

Nikamrudishia kikombe na maji yake. Nikashuka. Mwenye nyumba akauliza, "Amekubali?" Nikamuuliza, "Wewe umewahi kupanda?" Akasema goti lake bovu.

Niliondoka bila kukuona kwa kuwa sikuwa na uso wa kukutazama. Mama yako anasema vyumba vyangu vingekuwa na ngazi ningepata akili mapema. Tarehe kumi na tano nitakuja barazani. Nitasema, na nitasema kama mwenye nyumba.

Baba yako

9 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Ulifika salama? Mgongo haukuumizwa na basi?

Ulipoondoka barazani kuliwahi basi, hukusikia mwisho. Wakili wa mwenye nyumba alirudia wimbo uleule, kuta hazijapungua. Mwenyekiti akamkata: "Mzee ametueleza hapa, naye ni mwenye nyumba. Anayepokea bei ya gunia zima, apime gunia zima." Watu wakapiga makofi mpaka wakanyamazishwa. Wameamua nusu tuliyolipa ni halali, kile mwenye nyumba alichozidisha tangu lifti ife akirudishe, na notisi yangu ifutwe.

Sasa sikia maajabu. Vile vipuri vya lifti na pampu ambavyo wakala aliapa havipatikani popote, vilipatikana kabla wiki haijaisha. Lifti inapanda. Maji yanatoka. Hasira zikanipanda upya: kumbe siku zote iliwezekana!

Ila mkataba wangu umeisha, naye amekataa kunipa mwingine. Kwa hilo, baraza haliwezi kumlazimisha. Wenzangu wote wamebaki. Mke wa dereva alilia, nikamwambia anyamaze, mtoto asijifunze kulia mapema. Nimepata chumba mtaa wa pili, na leo nimeshusha cherehani kwa lifti.

Wakala alikuwa mlangoni. "Umeona, dada? Umewapigania wengine, wewe unatoka."

Nakala ya uamuzi, yenye mhuri, nimeibandika kule juu chumbani, nyuma ya mlango. Wakala akija kumwonyesha mtu chumba, mlango utakuwa wazi, hataiona. Mpangaji akishaingia na kuufunga, ataisoma.

Mwanao,
Kifunguamimba