Kiwaya cha Neema

Heru Juu, Jumanne

Jirani yangu Mama Yosefu ameniudhi tena leo tukipura maharage. "Neema azime hiyo mashine, aje arobaini ya baba yake. Baba ni mmoja."

Jioni mwanangu Neema alipiga simu kutoka Ulaya. Anapima kiwaya chembamba kuliko unywele, ndani ya mashine yenye baridi ambayo kwa asili haipo popote duniani. Kikitikiswa kinatakiwa kitetemeke muda mrefu, lakini kinatulia mapema. Atomu chache ndani yake hazitulii hata kwa baridi hiyo. Zinakula nguvu yake na kuvuruga vipimo. Akizima sasa, joto litaingia na kazi ya miezi itapotea.

"Mama, wewe sema tu, nitakuja."

Nikamwambia abaki, baba yake angesema hivyo hivyo. Sijui kama ni kweli.

Sikumwambia kwamba asubuhi nilianika godoro lake, alalie akija.